Habari za Homa Mbili Zilizopita Ufipa

Wasomaji wetu wengi wamekwisha kuisikia tafsiri ya jina la mji wetu. Sumbawanga, wasema wazee, maana yake ni "tupa uchawi". Mgeni aingiaye na ayatupe kwanza madawa yake mabaya, ndipo akaribishwe. Kama tafsiri ni hiyo hasa au siyo, hatutaki kugombana na mtu. Twaanzia hapo kwa sababu moja tu, ya kuwa watu wa uwanda huu wa juu walijua tangu zamani kwamba mabaya mengi huja na mtu ashikaye njia, na mtu huyo huenda asionekane kuwa na kitu mkononi.

Neno la korona lilitufikia kwa karibu mwezi wa Machi mwaka 2020. Tarehe 16 ya mwezi ule Serikali ilimtangaza mgonjwa wa kwanza katika Tanzania, msafiri aliyetoka Ubelgiji akashuka kwa ndege katika kiwanja cha Kilimanjaro. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaamuru shule zifungwe kwa siku 30, na mikusanyiko na michezo izuiwe. Sisi walimu tuliwapanga watoto mstarini, tukawaambia waende nyumbani wakakae na wazazi wao. Wengine walishangilia, kama watoto washangiliavyo likizo. Siku zile 30 zikazaa nyingine. Wanafunzi wa kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na waliosalia hawakurudi mpaka tarehe 29 Juni, wakati ambapo mahindi yalikuwa yakivunwa na mikono yao ilikuwa imekwisha kuzoea shamba kuliko kalamu.

Mtu asomaye habari za nchi nyingine hudhani ya kuwa ulimwengu wote ulifungiwa ndani mwaka ule. Kwa jirani zetu ni kweli. Rwanda watu waliamriwa kukaa majumbani tangu tarehe 21 Machi, na Uganda mwisho wa mwezi huohuo, na Kenya wakakatazwa kutembea usiku tangu tarehe 27. Shule za Uganda zilikaa katika kufungwa, au nusu kufungwa, hata Januari mwaka 2022, karibu miaka miwili. Kwetu haikuwa hivyo. Rais John Magufuli alikataa kuwafungia watu, akishikilia ya kuwa kazi zisisimame. Makanisa na misikiti haikufungwa, na tarehe 17 hadi 19 Aprili zikawekwa kuwa siku tatu za maombi ya taifa zima.

Walakini kufungiwa kuna namna nyingi, na namna moja ni ile mtu ajifungiayo mwenyewe, nusunusu, leo akiogopa na kesho akisahau. Hiyo ndiyo tuliyoiona. Mlangoni pa kanisa pakawekwa ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni. Vijijini wakafunga vibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililoning'inizwa mtini kwa kamba, ambalo mtu hulikanyagia kijiti likainama na kumwaga maji pasipo kuguswa. Mafundi cherehani wakashona barakoa za kitenge. Wakati wa kupeana amani Misani watu wakainamishiana vichwa kutoka mbali. Mabenchi yakatengwa, na wengine wakasali nje chini ya miti. Harusi zikaahirishwa, kisha zikafanywa. Tuliambiwa tunawe mikono kwa maji yatiririkayo kwa muda wa sekunde 20, nalo ni neno jema kabisa, ila aliyelisema hakutaja ni nani atakayeyateka maji hayo. Katika nyumba ambayo mama huamka alfajiri kwenda kisimani na kurudi na ndoo moja kichwani, maji hupimwa kwa kikombe, nao watoto sasa walikuwa nyumbani mchana kutwa.

Halafu ikaja habari ya mpakani. Magari ya Sumbawanga yashukayo kusini hufika Tunduma, na ng'ambo ya pili ni Nakonde katika Zambia. Mapema mwezi wa Mei mwaka 2020 watu 76 wa Nakonde walionekana kuwa na korona kwa siku moja, na Zambia ikaufunga mpaka ule tarehe 11. Malori yakasimama foleni ndefu, na madereva wakalala chini ya magari yao. Hapo watu wa kwetu waliokuwa wakidhani ya kuwa ugonjwa huu ni wa Dar es Salaam na wa wapanda ndege waliona umefika katika njia yao wenyewe, njia iwaleteayo chumvi, nguo na mafuta ya taa, na iyachukuayo mahindi na maharage yao kwenda kuuzwa.

Na njia hii, wasomaji wetu, ilikwisha kuleta homa nyingine zaidi ya miaka mia kabla ya hapo. Kwa kuwa waliokuwa watu wazima siku zile wamekwisha kufa wote, twaona yafaa kuieleza habari hiyo kwa urefu.

Ilikuwa mwaka 1918, mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza. Homa ile Wazungu waliiita homa ya Kihispania, si kwa sababu ilianza Hispania, bali kwa sababu Hispania haikuwamo vitani, na magazeti yake yaliruhusiwa kuandika habari zake. Mataifa yaliyopigana yalizuia magazeti yao yasiwatie watu woga. Basi jina la ugonjwa likawaendea wale waliosema kweli. Mwezi wa Septemba homa ilishuka Mombasa kwa meli zitokazo India, ikapanda bara kwa reli. Mwezi uleule ilishuka Cape Town, ikaivuka Afrika ya Kusini kwa treni, ikafika Bulawayo mwezi wa Oktoba, na toka huko ikaja kaskazini, kwanza kwa reli na kisha kwa miguu ya wapagazi. Hivyo Ufipa ilikuwa kati ya vinywa viwili vya mamba, kimoja kikitoka kusini na kingine kikitoka pwani.

Maana kusini yetu kulikuwa na majeshi. Waingereza walikuwa wamekwisha kuitwaa boma ya Kasanga, ambayo Wadachi waliiita Bismarckburg, mwezi wa Juni mwaka 1916. Lakini vita haikwisha. Jemadari wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alizunguka mpaka nchi ya Wareno, kisha mwisho wa Septemba mwaka 1918 akauvuka tena mto Ruvuma kurudi kaskazini. Akapita Songea na Ubena, huku watu wake wakishikwa na ugonjwa wa mapafu njiani, akaingia Rhodesia ya Kaskazini, na tarehe 9 Novemba akaushika mji wa Kasama. Tarehe 13, karibu na mto Chambeshi, akapata habari ya kuwa vita ilikuwa imekwisha Ulaya siku mbili kabla. Akaambiwa aende Abercorn, mji uitwao leo Mbala, na huko tarehe 25 Novemba askari wake wakaweka bunduki chini.

Abercorn si mbali nasi. Toka pale waliletwa Kasanga kwa njia ipitayo nchi ya Walungu, wakapandishwa vyombo vya ziwani mpaka Kigoma, na toka Kigoma wakachukuliwa kwa treni, askari wakawekwa kambini Tabora na Wadachi wakapelekwa Dar es Salaam. Fikirini safari hiyo. Watu waliochoka kwa miaka minne, wenye njaa, nguo zimewaraukia mwilini, wakilala wengi katika kambi moja na kubanana katika chombo kimoja, kisha katika behewa moja. Homa haikuhitaji mwaliko. Katika kambi na safari zile wengi walikufa kwa homa na mapafu, askari na wapagazi, na baadhi ya Wadachi wenyewe.

Hapa tuseme neno juu ya hesabu, maana ndilo lililotufanya tushike kalamu. Ukifungua vitabu vya vita ile, vitakuambia ya kuwa siku ile ya Abercorn walijitoa Wazungu 155. Hiyo ni hesabu ya mtu mmoja mmoja, nayo hurudiwa kitabu baada ya kitabu. Askari husemwa kuwa zaidi ya 1,100, na vitabu hupishana kidogo. Ukiuliza wapagazi walikuwa wangapi, kitabu kimoja kitakuambia kama 1,500 na kingine 3,500. Si tofauti ya watu watatu wanne waliosahauliwa nyuma ya mti. Ni tofauti ya watu 2,000, kila mmoja na mama aliyemzaa, na aliyekuwa na kazi ya kuwahesabu hakuona haja. Kwa upande wa Waingereza mambo hayakuwa mema zaidi. Wapagazi wao walioandikwa kuwa wamekufa katika vita ile ni zaidi ya 40,000, na wachunguzi wa siku hizi wanakisia ya kuwa waliokufa kweli walikaribia 100,000, kwa njaa, kuhara na mapafu. Mtaa wa Kariakoo katika Dar es Salaam ulipata jina lake kwa kikosi hicho cha wapagazi. Wengi huenda huko kununua vitu na hawajui ya kuwa wanalitaja jeshi la waliobeba.

Basi wapagazi walioachwa huru walifanya nini? Walikwenda kwao. Ndivyo afanyavyo kila mtu mwenye akili, na ndivyo homa ilivyofika vijijini. Mtu alirudi kwao baada ya miaka, watu wakamkimbilia, wakamshika mikono, akaketi motoni pamoja na ndugu zake wote akawasimulia aliyoyaona. Kwa homa hii mgonjwa hukaa siku moja hata nne tangu kuipata mpaka kuugua, na siku ya kabla ya kuugua aweza kuwapa wengine. Kwa hiyo aliyerudi akicheka aliweza kuwa ndiye aliyeileta.

Nayo ilikuwa kali kuliko mafua tuyajuayo. Mtu alishikwa na baridi na maumivu ya viungo, kisha mapafu yakajaa maji, uso ukabadilika rangi kwa kukosa pumzi, na wengine walikufa kwa siku tatu. Tena haikuwachagua wazee na watoto peke yao kama mafua mengine. Iliwaua sana watu wa miaka 20 mpaka 40, yaani wenye nguvu, wenye jembe na wenye watoto wachanga. Katika Tanganyika nzima waandishi wa historia wanakisia ya kuwa walikufa watu kati ya 50,000 na 80,000. Ulimwenguni kote wanakisia milioni 50.

Msomaji wa Ufipa atauona msiba mwingine uliomo katika miezi ile. Novemba na Desemba ndiyo mvua za kwanza. Wazee wetu hawakulima kwa kukata miti na kuichoma kama majirani zao wa kusini. Walifukia nyasi katika matuta ya mviringo mwisho wa masika, nyasi zikaoza ndani, na mvua za mwaka mpya zilipoanyesha ardhi waliyatawanya matuta wakapanda ulezi. Kazi hiyo haingoji. Kijiji ambacho nusu ya watu wake wamelala, na nusu nyingine wanawauguza na kuchimba makaburi, hakitawanyi matuta, na mwezi wa Juni ghala lake huwa tupu. Hivyo aliyepona homa alibaki na deni la njaa.

Madaktari wa siku zile hawakuwa na dawa ya kuitibu, wala hawakujua ni kitu gani. Wengi walidhani ni kijidudu cha namna ya bakteria, wakakitafuta kwa darubini. Ilikuwa mwaka 1933 tu, huko London, ndipo wachunguzi walipokipata kirusi cha homa ya mafua kutoka kwa mwanadamu mgonjwa. Kirusi ni kidogo mno hata darubini ya kawaida haikioni, wala hakiwezi kuzaana peke yake, isipokuwa kiingie katika mwili wa kiumbe hai na kuufanya uwe karakana yake. Kirusi cha korona si ndugu wa kile cha mafua, lakini njia yao ni moja, nayo ni pumzi. Mgonjwa akikohoa, akiimba, hata akizungumza tu, hutoa matone madogo pamoja na mvuke mwembamba uelekeao hewani. Palipo wazi upepo huyachukua. Ndani ya chumba kilichofungwa hukaa na kuongezeka, na kila aingiaye huyavuta.

Twawaomba sasa mwazie nyumba ya Ufipa katika mwezi wa Julai. Nchi yetu imeinuka juu sana, Sumbawanga ni kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na upepo wa usiku hukata. Dirisha ni dogo, nalo limezibwa kwa gunia. Moto uko katikati, moshi umetanda, na watu saba au wanane wameuzunguka mpaka wakati wa kulala. Mgonjwa hatengwi, huwekwa karibu na moto kuliko wote, maana ndiye ahitajiye joto, na bibi yake huketi ubavuni pake. Kwa kuwa tumelelewa hivyo sote, hatuwezi kuuita upendo huu ujinga. Ila pumzi haitambui upendo. Hapo ndipo ulipo ugumu wa maradhi ya namna hii, ya kuwa yalipita si kwa ubaya wa watu bali kwa wema wao, kwa kuugua pamoja, kula pamoja, kulia pamoja na kuzika pamoja.

Walakini tusidhani ya kuwa wazee hawakujua kujitenga. Ndui ilipokuwa ikitembea na misafara, katika nchi nyingi za bara watu walimjengea mgonjwa kibanda porini, akapelekewa chakula na yule aliyekwisha kuugua ndui akapona, maana walijua ya kuwa huyo haimrudii. Wapita njia walizuiwa wasiingie kijijini. Serikali za Wazungu nazo zilijua kufunga. Yapata mwaka 1910 Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini waliwahamisha watu wa pwani ya kusini ya Ziwa Tanganyika kwa ajili ya malale, wakawakataza uvuvi. Lakini malale huletwa na mbung'o, na mtu akiondoka penye mbung'o amepona. Penye homa ya pumzi mtu aondoke aende wapi, ikiwa aliye hatari ni ndugu yake?

Tena kuna salamu yetu. Mzee wa Kifipa akimsalimu mkubwa huchutama na kupiga makofi polepole, naye hujibiwa vivyo hivyo, bila kushikana. Kupeana mikono kumezoeleka zaidi kwa shule, ofisi na siasa. Mwaka 2020 watu wa mjini walibuni salamu za viwiko na za miguu, tukacheka sana, na nyumba ya pili bibi kizee alikuwa akisalimu kama alivyofundishwa na mama yake, asiguse mtu, wala hakuna aliyemtaja kuwa mfano. Pombe ya ulezi ni habari nyingine. Penye mrija mmoja unaopokezanwa na vinywa kumi hatuna la kuitetea.

Turudi kwenye korona. Mwisho wa Aprili mwaka 2020 Serikali iliacha kutoa hesabu za wagonjwa wa bara, na mapema Mei zikatoka za mwisho za Zanzibar. Hesabu ikasimama hapo, wagonjwa 509 na vifo 21. Mwezi wa Juni ikatangazwa ya kuwa ugonjwa umekwisha kwa maombi. Ndoo za mlangoni zikakauka, nyingine zikarudishwa jikoni. Kwa miezi kadhaa mtu aliyevaa barakoa sokoni aliulizwa kama ni mgonjwa.

Kisha mwanzoni mwa mwaka 2021 misiba ikaongezeka. Neno korona halikutajwa. Tangazo la kifo lilisema ya kuwa marehemu alipata "changamoto ya upumuaji", au nimonia, au presha iliyopanda ghafula. Watu wakajifukiza nyungu kwa majani ya mwarobaini, mchaichai na mkaratusi, wakijifunika blanketi, na wengine wakajifukiza nyumba nzima chini ya blanketi moja, tukaogopa kuliko tulivyoogopa ugonjwa. Tarehe 26 Januari mwaka ule Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga wa Mbeya, ambaye jimbo letu la Sumbawanga limo katika kanda yake, aliwaandikia maaskofu akiwakumbusha ya kuwa nchi yetu si kisiwa, na ya kuwa yatupasa kujikinga na kusali vyote viwili. Tarehe 17 Februari akafariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi ya kuwa ameugua korona. Na mwezi wa Machi Katibu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, akasema ya kuwa katika muda wa miezi miwili walikuwa wamefariki mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60, waliokuwa na shida ya kupumua.

Twakubali ya kuwa kuwafungia ndani watu walao kwa jasho la siku ileile ni jambo la kuogofya, na ya kuwa Serikali iliyokataa kulifanya ilikuwa na hoja. Mwenye duka la jumla aweza kukaa ndani mwezi mzima, muuza nyanya hawezi hata siku tatu. Lakini kutofunga ni shauri moja, na kutohesabu ni shauri jingine, na la kwanza halikuwa na haja ya la pili. Mama anayemuuguza mumewe alihitaji kujua amelala karibu na nini. Angaliambiwa, angalifungua dirisha, angaliwahamishia watoto kwa shangazi yao, angalivaa kitambaa usoni, naye asingeacha kumpikia uji. Vitu hivyo havina gharama wala havisimamishi kazi ya mtu. Vinahitaji jina la ugonjwa tu.

Rais Magufuli alifariki tarehe 17 Machi mwaka 2021, na Samia Suluhu Hassan akaapishwa siku mbili baadaye. Akaunda kamati ya wataalamu, hesabu zikaanza tena kutolewa katikati ya mwaka, na tarehe 28 Julai akachanjwa mbele ya watu wote, siku chache baada ya kufika kwa dozi zaidi ya milioni moja kutoka Marekani. Vijijini kwetu maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema chanjo itawafanya tasa, wengine walisema itawaua baada ya miaka miwili. Miaka hiyo miwili imekwisha kupita. Tarehe 5 Mei mwaka 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza ya kuwa hatari kubwa imekoma. Shirika hilo lilikuwa limekwisha kupiga hesabu ya mwaka 2020 na 2021, likaona ya kuwa vifo vilivyozidi kawaida ulimwenguni vilikaribia milioni 15, ingawa mataifa yalikuwa yameandika kama milioni tano na nusu tu. Kwa hiyo si Tanzania peke yake iliyokuwa na wafu wasioandikwa.

Homa ya kwanza iliwachukua wenye majembe, na ya pili iliwachukua zaidi wazee, waliokuwa wamesikia habari za ile ya kwanza kwa vinywa vya baba zao. Kwa hiyo mwanafunzi akitaka leo kuuliza mwaka 1918 ulikuwaje Kasanga au Mwazye au Kirando, atakuta ya kuwa wengi wa kuulizwa wamekwisha kuondoka.

Limebaki daftari. Tangu Wamisionari wa Afrika walipofika Karema mwaka 1885, parokia za nchi hii zimeandika kitabu cha wafu, na kila padre ameendelea pale mwenzake alipoishia. Kitabu hicho aghalabu huwa na mahali pa jina, pa umri, pa kijiji, pa siku ya kufa na ya kuzikwa, na pa sakramenti alizozipokea marehemu kabla ya kufa. Mahali pa kuandika ugonjwa hapana. Lakini anayejua kusoma ataiona miezi ile bila kuambiwa, kwa kuwa mistari hukaribiana, tarehe hurudiwa, na katika nafasi ya Mpako wa Wagonjwa mwandishi ameacha pengo, padre hakuwahi kufika.